Weka Chini Huo Ukwaju

Jumatatu asubuhi, hata tanuri sijawasha, kaja binti mmoja mchezaji ngoma na mfuko wa rambo mkononi. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu." Akaumwaga mfuko juu ya meza yangu ya kazi kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi.

"Nimekurahisishia. Nimezisafisha zote."

Sarafu arobaini za joka la vichwa saba, kazi ya wiki tatu, zinameta kama bomba la bafuni hotelini. Kaziroweka kwenye ukwaju usiku kucha, kisha kazisugua kwa majivu na makumbi mpaka kidole kikachubuka. Kidole chenyewe alinionyesha. Nikampa pole, maana ndivyo tulivyolelewa, halafu nikaenda uani kunywa maji.

Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze. Wa kwanza alitumia ndimu na chumvi, wa pili dawa ya meno. Wa tatu, Mungu amsamehe, alizipeleka kwa mafundi wa rimu za magari zikapigwa mashine, na nguva wangu akarudi hana uso wala mkia. Kwa hiyo naandika mara moja, na wa tano nitamtumia ukurasa huu asome kabla hajafika jikoni kwao.

Kwa wasionijua: nafanya sarafu za nchi zisizokuwepo. Joka, nguva, zimwi, jini anayechungulia kwenye chupa. Wanaonunua ni wachezaji wanaozishona kwenye mshipi, wasimulizi wa hadithi wanaotaka mkoba wa fedha za mfalme wa bahari, na wale wa magongo marefu wanaowarushia watoto kwenye gwaride la tamasha la Sauti za Busara hapa Zanzibar kila Februari. Yuko mmoja alitaka Popobawa, yule pepo anayevamia watu usiku. Nilimkatalia, nina majirani. Na kabla hujauliza: hazifanani na pesa halali. Sitengenezi kitu chenye ukubwa na rangi ya ile mia tano yenye nyati, wala sitoboi pesa za Benki Kuu. Risasi, yale madini yenye sumu, pia haingii kwenye kalibu yangu, maana watoto hutia kila kitu mdomoni. Hilo halina mjadala.

Ndogo, za upana wa ukucha wa kidole gumba, nazigonga: kidonge cha shaba katikati ya mihuri miwili ya chuma, nyundo ya kilo tano, pumzi moja. Shaba lazima uipashe kwanza mpaka iwe nyekundu, na hata ukiizamisha majini inabaki laini, si kama chuma cha pua. Muhuri unachongwa kinyume. Miaka yote hii bado nakosea. Ninao mmoja wenye neno "bahari" lililotoka nyuma mbele, na wateja nawaambia hiyo ni lugha ya majini. Kubwa hazigongeki kwa mkono wa binadamu mmoja, kwa hiyo nazisubu. Ya nguva naisubu ndani ya mfupa wa ngisi, ule mweupe unaookotwa ufukweni: unaukata vipande viwili, unachonga sura, unafunga kwa waya, unamimina. Unanuka kama nywele zilizoungua na kila mfupa unatumika mara moja tu. Lakini ule mfupa una matabaka membamba kama mawimbi, na ukiyapiga brashi kidogo kabla ya kumimina, nguva anatoka na magamba ambayo mimi sikuyachonga. Mteja husifia hayo magamba kuliko kitu chochote nilichokifanya mwenyewe. Tuendelee.

Mnaamini kwamba sarafu nyeusi kwenye mabonde, yaani pale nakshi ilipozama, ni sarafu chafu. Na kwamba fundi aliyekukabidhi kitu cheusi ni fundi mvivu. Sasa chukua ile uliyoing'arisha, mpe mwenzako asimame hatua kumi mbele yako usiku, washa tochi ya simu, mulika. Unaona nini? Kidoa cheupe. Kizibo cha soda. Joka halipo. Nakshi yangu ina kina kisichofika milimita moja, na taa za jukwaani pale Ngome Kongwe nyingi zinakupiga kwa mbele, kwa hiyo mabonde hayapati kivuli chake. Madini yaliyong'arishwa kote ni kioo: yanamrudishia mtazamaji taa, basi. Kivuli ambacho taa imekataa kukileta lazima nikipike mimi nikiweke mle bondeni kibaki. Vilima ving'ae, mabonde yawe meusi, ndipo vichwa saba vinahesabika kutoka kiti cha nyuma.

Kama huniamini mimi, waulize bibi zetu. Wenye mkufu wa reale, ile ya Maria Theresa, mnaijua: bibi wa Kizungu mnene wa 1780. Shavu na bega vimelika vikawa vyeupe kwa kusuguana na nguo, na kwenye mikunjo ya shela na mbawa za tai kuna weusi wa miaka. Weusi huo ndio unaompa yule bibi sura. Na mwaka wenyewe ni mchezo: malkia huyo wa Austria alifariki 1780, lakini sarafu ikaendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule, Vienna, baadaye Roma, London, Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani zetu walikataa nyingine. Kwa hiyo anayenilaumu kwamba natengeneza "uzee wa uongo" namwambia nina wakubwa walionitangulia.

Au tazama zile za Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani wamezingirwa, sarafu haziji kutoka kwao, wakaanza kuzipiga kwenye karakana ya reli: heller 20 kwa shaba ya maganda ya risasi na mizinga, rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga. Kazi ya haraka, mihuri mingi, kwa hiyo taji kwenye heller 20 nyingine ni kubwa, nyingine dogo. Leo watu hununua hizo kwa bei nzuri, na jambo la kwanza mkusanyaji anamfundisha mwanawe ni kutozisugua. Iliyosuguliwa inashuka thamani. Sasa kama ya kweli haisuguliwi, ya kwangu ya joka kwa nini?

Lakini nikiri upande wenu, maana hapa ndipo maneno yanapochanganywa. Weusi si mmoja. Upo weusi wa jasho na vumbi unaonata kama ugoro. Huo ni uchafu, futa. Ipo kutu ya kijani, ile inayoacha alama kiunoni kwa mchezaji, inayotokana na shaba kukutana na jasho, chumvi na hii hewa yetu ya baharini. Hiyo nayo ni adui, inakula, na mwenye kuiondoa hajakosea. Kisha upo weusi wa kupikwa, mwembamba, mkavu, haushiki kidoleni. Ukifuta kwa kitambaa cheupe na kitambaa kikabaki cheupe, huo ni wangu, uache. Jaribio hilo tu lingeniokolea mwezi mzima wa kazi mwaka huu. Na tusiusingizie ukwaju peke yake. Ukwaju hula kutu vizuri sana, lakini weusi wangu hauuondoi upesi. Kinachoumaliza ni makumbi na majivu kuingia bondeni. Mimi mwenyewe natumia majivu! Ila nayaweka kwenye kitambaa kilichozungushwa kibao kilichonyooka, kibao kinapita juu ya vilima na bondeni hakifiki. Ni kibao tu, jamani. Tofauti yote kati yangu na yule binti ni kipande cha mbao.

Weusi napika kwa mayai. Ndiyo, mayai. Unayachemsha magumu, unaponda viini vingali moto, unaviweka chini ya bakuli lenye kifuniko kisichopitisha hewa, sarafu juu kwenye wavu zisigusane na yai. Salfa ya kiini inafanya kazi. Kwanza zinapiga manjano, kisha kahawia, kisha rangi ya zambarau ambayo natamani ingebaki, na mwisho nyeusi. Fedha inakubali upesi, shaba nyekundu inakubali ukiwa na subira. Ute wa yai tunakula sisi, wiki nzima, mpaka mke wangu akaweka sheria.

Shaba ya njano ndiyo mtihani. Haitaki mayai, inageuka rangi ya chai ya maziwa na kukomea hapo. Na wachezaji wanaipenda kwa sababu inafanana na dhahabu na ina mlio mzuri ikigongwa ikakazana (ukiipasha upya mlio unapungua, kwa hiyo usiilehemu ovyo). Dawa yake niliipata kwenye kosa ambalo kila mwanagenzi wa sonara amewahi kupigiwa kofi: kutumbukiza koleo la chuma kwenye maji ya shabu yaliyotumika, yale tunayosafishia kazi ikitoka motoni. Maji yale yana shaba iliyoyeyuka kutoka kazi za nyuma, na chuma kikiingia tu, shaba inarukia kila kilichomo. Pete ya fedha inatoka nyekundu na bwana mkubwa anakuja juu. Mimi nafanya hivyo makusudi. Naifunga sarafu ya njano kwa waya wa chuma, naichovya, inatoka na ngozi nyembamba ya shaba nyekundu, na ngozi hiyo inakubali mayai. Halafu kibao, vilima vinarudi njano.

Linalonishinda mpaka leo ni kuulinda huo weusi. Vanishi inapendeza siku ya kwanza. Baadaye jasho linapenya pembeni, inavuvumka, madoa yanaanza chini yake na huwezi kuyafikia. Nta ya nyuki haina madoa lakini usiku mbili tatu za ngoma imekwisha. Nimejaribu moja juu ya nyingine, nikapata ubaya wa zote mbili. Siku hizi natumia nta, namwambia mteja afute kwa kitambaa kikavu kila akishuka jukwaani, naye anaitikia vizuri sana na hafuti.

Na msidhani nawacheka kwa kuwa mimi sikosei. Mwaka mmoja niliwahi kutoa sarafu sitini usiku wa kuamkia gwaride. Haraka, sikuziosha mafuta ya mikono kabla ya kuzipika. Weusi ulikaa juu ya mafuta, si juu ya shaba. Kijana wa magongo alizishona kwenye kanzu nyeupe pe, na alipofika katikati ya Mji Mkongwe alikuwa kama mtu aliyetoka kuchoma mkaa. Alinipigia simu akiwa bado juu ya magongo. Sitaandika alichosema.

Sasa zile arobaini. Nilizitandaza kuangalia kama kuna la kuokoa, nikaona kitu kilichoniudhi zaidi. Hazikuwa njano sawasawa. Zilikuwa zimepiga wekundu, hasa kwenye mabonde. Kulala kwenye tindikali ya ukwaju usiku kucha kumeondoa zinki juu juu na kuacha shaba peke yake usoni. Ni kosa, vitabu vitakwambia ni kosa, shaba ya njano iliyopoteza zinki ni dhaifu. Lakini wekundu ule ulikuwa mwembamba na umeenea vizuri kuliko ule wangu wa waya na maji ya shabu, ambao siku nyingine unashika huku na kukataa kule bila kuniambia sababu.

Nikachukua tano, nikaziosha kwa sabuni, sikuzitia kwenye maji ya shabu kabisa. Mayai sita. Jioni nikafungua bakuli.

Nyeusi tii. Nzuri kuliko nilivyozikabidhi mara ya kwanza. Huenda ni ukwaju, huenda ni mayai ya kienyeji badala ya yale ya trei, huenda ni majivu yaliyozikwaruza kidogo weusi ukapata pa kushika. Nimetenga sarafu kumi mbovu na kilo moja ya ukwaju nijaribu taratibu. Pipa la ukwaju nimelificha uani nyuma ya ngazi.

Binti anakuja kuzichukua Alhamisi. Nimeshamtajia bei ya kurudia kazi, na sijamwambia kitu.