Uzito wa upinde wa kompaundi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Namba iliyobandikwa kwenye mkono wa upinde, yaani tawi lake la juu au la chini linalopinda, imewaponza wengi. Mtu anasoma "70" na kuamini kwamba kila akivuta, anavuta pauni 70. Kwa kawaida namba ile ni kikomo cha juu tu. Upinde huohuo ukilegezwa bolti zake huweza kushuka hadi karibu pauni 60, na aina zilizoundwa kwa wanaojifunza hushuka chini zaidi ya hapo. Ukitaka kujua uzito ulio nao leo, yaani nguvu ya kuvuta kamba, tumia mizani ya kuning'iniza: nasa ndoana kwenye kamba, vuta taratibu, soma kilele, kisha rudisha taratibu vilevile.

Wapo wanaosema kompaundi ni nyepesi, kwa hiyo hata pauni 70 si kitu. Hapa mambo mawili yamechanganywa. Upinde wa kawaida huzidi kuwa mzito kadiri unavyovuta. Kompaundi, ambayo Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969, ina magurudumu yasiyozunguka katikati yake kwenye ncha za mikono. Kwa sababu hiyo uzito hupanda upesi hadi kileleni, hukaa hapo kidogo, kisha huporomoka kamba inapokaribia uso. Nafuu hiyo kwa kawaida ni kati ya asilimia 65 na 90. Ikiwa ni 80, upinde wa pauni 70 unakuachia pauni 14 tu za kushikilia wakati unalenga. Lakini kilele cha pauni 70, karibu kilo 32, lazima ukipite kwa kila mshale, na bega ndilo linaloumia.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kaa kwenye kiti, elekeza mshale kwenye shabaha, vuta. Ukilazimika kuinua upinde juu ndipo kamba isogee, uzito umekuzidi, punguza. Wala hakuna aibu katika kupunguza. World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, limeweka kikomo cha pauni 60 kwa kompaundi, na mabingwa hushinda humohumo.

Je, kupunguza kunahitaji mashine ya kubana upinde? Hapana. Mashine hiyo ni ya kazi kama kubadilisha kamba au kung'oa magurudumu. Uzito hurekebishwa kwa bolti mbili kubwa zinazoshika mikono ya upinde, moja juu na nyingine chini, kwa ufunguo wa pembe sita unaoenea vizuri. Ukikaza kwa kufuata saa uzito unapanda; ukilegeza, unashuka. Baadhi ya pinde zina skrubu ndogo za kufungia pembeni. Hizo hulegezwa kwanza na kukazwa tena mwishoni. Asiyejua zipo hulazimisha bolti kubwa na kuharibu nyuzi zake.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni ile ya "legeza mpaka mkono uridhike". Mikono ya upinde huwa imebanwa kwa nguvu kubwa hata wakati hakuna anayeuvuta, na nguvu hiyo yote inazuiwa na nyuzi chache za bolti. Ukipitiliza, bolti inachomoka, mikono inafyatuka, na vipande vinaruka mbele ya uso wako. Kila mtengenezaji hutaja katika kitabu cha maelekezo mizunguko inayoruhusiwa, ikihesabiwa kutoka pale bolti inapokuwa imekazwa hadi mwisho. Mzunguko mmoja mara nyingi hubadilisha pauni 2 hadi 4, kutegemea upinde. Kwa hiyo anza na bolti zilizokazwa kabisa, weka alama ya kalamu, uhesabu kwa sauti ukitaka. Kitabu kikipotea, usikisie. Tafuta maelekezo ya upinde wako hasa, si ya upinde unaofanana nao.

Na usiguse bolti ya juu peke yake kwa kudhani ya chini itafuata. Nenda nusu mzunguko juu, nusu mzunguko chini, hadi ufike. Mikono isipobanwa sawa, pale mshale unapokaa kwenye kamba pataegemea upande mmoja na magurudumu yanaweza kuacha kuzunguka kwa pamoja, kisha utahangaika kutafuta kosa kwenye mkono wako.

Urefu wa kuvuta ni suala jingine, hurekebishwa kwenye magurudumu. Bolti hizi haziugusi, ila kwa tofauti ndogo sana.

Sehemu inayosahaulika ni mshale. Watu hupandisha upinde pauni 10 na kuendelea na mishale ileile, kana kwamba haihusiki. Mshale hupinda unaposukumwa na kamba. Uzito ukiongezeka, mshale uliokuwa na ugumu wa kutosha unageuka kuwa laini, na ule wa kaboni unaweza kuvunjika wakati wa kufyatua na kuuchoma mkono ulioshika upinde. Kuna na uzito wa mshale wenyewe. Watengenezaji wengi hutaka angalau greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila pauni ya kuvuta: kwa pauni 60 ni takriban gramu 19.4, kwa pauni 70 ni gramu 22.7. Mshale mwepesi kupita kiasi unauumiza upinde karibu sawa na kuufyatua bila mshale, jambo ambalo halifanywi hata kwa majaribio.

Baada ya marekebisho, pini za kulengea hazisemi kweli tena. Ukiwa umepunguza, mishale itatua chini ya ulipozoea. Anza karibu sana na shabaha, piga michache, sogeza pini, ndipo urudi nyuma hatua kwa hatua.