Haki za binadamu si za wenye kitambulisho tu

Ukikaa na wachuuzi wa dagaa hapa Mwanga, Kigoma, hukawii kusikia: "Mkimbizi ana haki gani? Haki ni za raia, serikali ndiyo inayotoa." Kauli hii imezoeleka, hasa kwetu tulio jirani na kambi ya Nyarugusu, iliyopo Kasulu tangu 1996. Lakini haiko sawa.

Fungua Katiba yetu ya 1977. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Huzaliwa, hawapewi. Ibara ya 14, ya haki ya kuishi, inaanza na "kila mtu". Marufuku ya kutesa watu, ibara ya 13, haiulizi mtu katoka Uvira ya Congo au Ujiji yetu hapa Kigoma. Sehemu hiyo ya haki iliingizwa 1984, ila kuandikwa siko kulikozizaa; kulizipa meno mahakamani.

Kosa hili lina chanzo, tukiri. Zipo haki ambazo Katiba yenyewe inazitaja kuwa za raia: kupiga kura, kwa mfano, na kwenda kokote nchini. Watu wakachukua hizo chache wakazifanya kipimo cha zote.

Na si kwamba haki hazina mipaka. Mfungwa amepoteza uhuru wa kutembea kwa hukumu halali. Hajapoteza haki ya kutoteswa, wala ya kutibiwa akiugua malaria.