Freddie Mercury hakujifunzia muziki Uingereza

Wengi hudhani Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Farrokh Bulsara mjini Unguja mwaka 1946, alilelewa kisiwani hadi Mapinduzi ya 1964, kisha akajulia muziki London. Sivyo. Akiwa na miaka takribani 8 wazazi wake Waparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi) walimpeleka bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikosomea piano kwa utaratibu, hadi kufaulu mtihani wa daraja la nne. Bendi yake ya shule, The Hectics, ilipiga nyimbo za Cliff Richard na Little Richard. Besi yao, yaani ala ya sauti nzito, ilikuwa sanduku la chai lenye uzi. Na hili husahaulika kabisa: mwimbaji kiongozi alikuwa Bruce Murray. Farrokh alikaa kwenye piano, akiitikia.