Malaria haijakuzoea: mimba, hema na maneno ninayoyasikia kliniki

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikiingia, na tena ifikapo Desemba, swali huwa lile lile: "Sista, wenzangu wanaenda kulala kwenye mahema mbuga ya Mburo, nami mimba ina miezi mitano. Niende?" Swali zuri, na mara nyingi namjibu aende. Mimba isiyo na matatizo haimfungi mtu nyumbani. Kati ya wiki ya 14 na ya 28 wengi huwa na nguvu, kichefuchefu kimeisha na tumbo bado halijawa zito. Mwenye kondo lililoketi chini, aliyetokwa na damu, mwenye presha, mwenye mapacha au aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, huyo namwambia asiondoke mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Hapo hatubishani.

Ubishi huanza ninapouliza habari ya chandarua.

"Mimi mtoto wa Uganda, malaria imenizoea." Nimeisikia kwa wasichana wa Bombo na Kisenyi, nimeisikia kwa dada zetu Wakongo, nimeisikia hata kwa wenye digrii mbili. Nami nimechoka kuisikia, kwa hiyo leo nitaieleza mara moja, taratibu.

Ni kweli mtu mzima aliyekulia penye malaria hupata kinga kiasi. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa. Kazi yake ni kumpunguzia homa na kumwepusha na kifo. Tena ni kinga ya kulishwa: usipoumwa na mbu wenye vimelea kwa muda mrefu, inafifia. Kampala ina malaria kidogo ukilinganisha na Busoga, West Nile au Karamoja. Aliyezaliwa Mengo, akasomea Ntinda na sasa anafanya kazi katikati ya mji, hana kinga ya mama wa Adjumani kule West Nile, hata kama pasipoti zao zina rangi moja. Vivyo hivyo kwa mtu wa Kabale aliyekulia kwenye baridi ya milimani. Siku anapolala hemani kando ya mto Nile kwenye mbuga ya Murchison, anaingia pale karibu kama mgeni.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayonikera, maana hakuna anayetaka kuisikiliza hadi mwisho.

Malaria iliyo nyingi kabisa Uganda ni ya aina ya falsiparamu. Kimelea chake kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huifanya inate kwenye kuta za mishipa, isipite kwenye bandama ikaharibiwa. Mwili wako umepambana na vimelea hivyo tangu utotoni na umejifunza namna zao nyingi za kunata. Lakini ulipopata mimba, umeota kiungo ambacho hukuwahi kuwa nacho: kondo la nyuma. Wako vimelea wenye namna yao ya kunata ambayo inashika kondo hasa. Kingamwili zako hazijawahi kukutana nao, kwa sababu kondo halikuwapo. Ndiyo maana mimba ya kwanza ndiyo inayoumizwa zaidi na malaria, na ya pili na ya tatu mwili unakuwa umeanza kujifunza. Kwa hiyo anayeniambia "mama yangu alizaa tisa bila neti" namuuliza: yeye alikuwa kwenye mimba ya ngapi, na wewe uko kwenye ya ngapi? Na amewahi kukuhesabia zilizotoka?

Mama mwenye vimelea kwenye kondo anaweza asiwe na homa hata kidogo. Anatembea, anapika, anapiga picha kando ya ziwa. Huku damu inapungua, na kondo lililojaa vimelea halimpitishii mtoto chakula inavyotakiwa. Mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kufia tumboni, au akazaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo mbili na nusu. Hata kipimo cha kuchomwa kidole kinaweza kusoma hasi, kwa kuwa vimelea wamejificha kwenye kondo na kwenye damu ya kidole ni wachache mno. Malaria "iliyokuzoea" ndiyo hiyo.

Akishindwa hapo, anahamia kwa Fansidar, ile dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. "Lakini sista, juzi ulinimezesha vidonge vitatu mbele yako." Nilikumezesha, na nitakumezesha tena, kuanzia wiki ya 13 hadi unakaribia kuzaa, kila dozi ikipishana na nyenzake kwa mwezi mmoja au zaidi, zisipungue tatu. Dawa hiyo husaidia mtoto azaliwe na uzito mzuri, na hilo limethibitika. Ila vimelea wa Afrika Mashariki wengi wameshakuwa sugu kwake, na nguvu yake mwilini hushuka wiki baada ya wiki. Sijawahi kumwambia mtu kwamba akishaimeza aache chandarua. Wala usimgawie rafiki yako mjamzito vidonge vyako huko kambini: anayemeza Septrin kila siku, kama wengi wanaoishi na VVU, hapaswi kuchanganya na Fansidar, na huenda hajakuambia kwamba anameza Septrin. Na kama una vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5, vioneshe kliniki kabla ya dozi, kwa sababu foliki nyingi kiasi hicho hupunguza kazi ya Fansidar. Vile vya 0.4 havina neno.

Wengine sasa wanasema chanjo imekuja. Imekuja, Aprili 2025, kwa watoto wadogo. Wewe si mtoto mdogo.

Basi fanya hivi. Beba chandarua chenye dawa, kile tulichokupa bure kliniki na ambacho najua bado kiko kwenye mfuko wake. Hema lenye wavu ni zuri, lakini sijaona kundi la marafiki linalokumbuka kufunga zipu giza likiingia. Taa inawaka ndani, mlango wazi, mbu wanakaribishwa. Ning'iniza chandarua humo humo ndani. Ukikaa motoni jioni vaa soksi na suruali ndefu, kwa kuwa mbu wa malaria hupenda miguu, na moshi wa kuni hauwatishi kama unavyodhani. Paka mafuta ya kufukuza mbu yenye DEET. Mjamzito anaruhusiwa kuyatumia kwa kufuata maelekezo ya kibandiko, na nashangaa wanaoyaogopa kuliko malaria yenyewe.

Ukirudi, homa ikikushika hata baada ya wiki mbili au tatu, pimwa siku hiyo hiyo na useme ulilala wapi. Usinunue nusu dozi kwenye duka la dawa. Kipimo kikisoma hasi na homa ikaendelea, rudi. Na usiache matibabu kwa kuwa mimba ni changa: tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo wengi mnaiita Coartem, hata katika miezi mitatu ya kwanza.

Sasa baridi. "Baridi ya usiku itaingia tumboni, mtoto apate nimonia." Haiingii. Mtoto hapumui hewa ya nje, na joto la mwili wako halishuki kwa sababu umelala kando ya ziwa Bunyonyi. Dhana hii ningeiacha ipite, ila kwa kuogopa baridi watu wanafanya jambo la hatari kuliko yote niliyotaja: wanaingiza sigiri ndani ya hema. Bunyonyi iko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, Sipi kwenye mlima Elgon nako usiku kunatetemesha, na rafiki mwenye huruma anasema, "Mleteeni mama makaa, yameshawaka mekundu, hayana moshi."

Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi. Haionekani, hainuki. Inaishika damu na kuizuia isibebe oksijeni, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika zaidi na kuichelewesha kutoka. Mama anaweza kupona na mtoto asipone. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mjamzito ameshayazoea, kwa hiyo analala nayo. Sigiri isiingie hemani, hata mlango ukiwa wazi, hata dakika kumi. Ukitaka joto tandika kitu kinene chini, maana baridi nyingi hutoka ardhini, vaa kofia, tia maji ya moto kwenye chupa imara, ifunge kwa leso na uiweke miguuni.

Na waragi haipashi joto. Inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto huku mwili unapoteza joto lake. Kwa mimba hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama, hata kiwe kifuniko cha chupa.

Barabara mbovu nayo husingiziwa mengi. Mimba zinazotoka mapema, karibu nusu yake chanzo ni hitilafu ya kromosomu tangu yai lilipotungwa. Mashimo ya njia hayakuhusika. Kinachonichekesha ni kwamba anayeogopa matuta ndani ya gari ndiye niliyemwona asubuhi akija kliniki juu ya boda, amekaa upande, bila helmeti. Kuanguka au kugongwa tumbo ndiko kunakoweza kulibandua kondo. Ndani ya gari funga mkanda: ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, ule wa juu upite katikati ya matiti. Simama kila baada ya saa mbili, shuka utembee, kwa sababu mjamzito huganda damu miguuni kwa urahisi kuliko wengine. Dereva akinung'unika, mwache anung'unike.

Maji nitayasema kwa ukali kidogo. "Haya ni ya chemchemi, masafi, tazama yanavyong'aa." Mwaka 2007 mlipuko wa homa ya ini aina ya E ulianza Kitgum, na kabla ya kuisha ulikuwa umewapata zaidi ya watu 10,000. Ugonjwa huo hupita kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi. Mtu wa kawaida huugua akapona. Mwanamke aliye katika miezi mitatu ya mwisho anaweza kufa, na Shirika la Afya Duniani linataja asilimia 20 hadi 25. Mng'ao wa maji haukuambii chochote. Yachemshe hadi yatokote sawasawa, au beba ya chupa ya kutosha, hata ya kupigia mswaki. Muchomo nao uive hadi ndani, usiwe na wekundu katikati, hata mchoma nyama akikucheka.

Yaliyobaki ni mafupi. Kuogelea hakuharibu mimba, lakini ziwa Victoria lina kichocho, hivyo ukienda visiwa vya Ssese kaa mchangani. Bunyonyi inasifika kwa kutokuwa nacho. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea linalofunga juu ya tumbo lako la sasa, si la mwaka jana. Mbung'o wa Murchison hufuata nguo za buluu na nyeusi, kwa hiyo jinzi iache nyumbani uvae kaki. Sipi unaweza kutembea polepole hadi chini ya maporomoko ukiwa na fimbo. Rwenzori ya theluji ingoje mwakani. Emumbwa, ule udongo wa kutafuna njiani, sitaki kuiona mkobani mwako, kwa kuwa udongo huzuia madini ya chuma kuingia mwilini na damu yenyewe tunaitafuta.

Kabla ya kuondoka, uliza kambini kituo cha afya cha ngazi ya IV, yaani chenye chumba cha upasuaji, kilicho karibu ni kipi na gari la usiku litatoka wapi. Kutoka Mburo utakimbilia Mbarara, kutoka Bunyonyi ni Kabale, kutoka Sipi ni Kapchorwa au Mbale. Visiwani kivuko kina saa zake, na uchungu hauna. Kitabu cha kliniki kiwe mkobani mwako, na mmoja wa marafiki ajue kilipo. Damu, maji kutoka ukeni, kichwa kuuma vibaya na macho kuona ukungu, homa, au mtoto kuacha kucheza: mnaondoka saa hiyo hiyo, hamngoji kupambazuke.

Na kuhusu "nitabana mkojo hadi asubuhi kwa sababu ya wanyama." Wanyama ni kweli: Mburo viboko hupanda usiku kula majani katikati ya mahema, na hawaulizi nani ana mimba. Kubana mkojo nako kunaleta maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mjamzito hupanda haraka hadi kwenye figo. Nunua ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana, weka hemani upande wa miguu, pamoja na tochi na karatasi. Wenzako watacheka usiku wa kwanza. Usiku wa pili watakuomba. Na wa kwenda kuimwaga asubuhi awe mmoja wao, maana wewe unatakiwa kupunguza kuinama na kubeba.