Mradi wa usanifu wa kihandisi shuleni: maana yake na namna unavyofanyika

Mradi wa usanifu wa kihandisi ni kazi ambayo wanafunzi, kwa kawaida wakiwa katika kikundi, huchukua tatizo la watu wanaowafahamu, hubuni kifaa cha kulitatua, hukitengeneza kwa mikono yao, hukipima, kisha hukirekebisha kulingana na vipimo vilivyopatikana. Marekebisho hayo ndiyo kiini cha dhana nzima. Katika jaribio la maabara mwanafunzi huthibitisha jambo ambalo mara nyingi tayari limeandikwa kitabuni, na katika kazi za mikono hufuata mchoro aliopewa na mwalimu; katika mradi wa usanifu hakuna anayejua jibu mapema, hata mwalimu mwenyewe.

Shule zilizo kando ya Ziwa Victoria hazina haja ya kutafuta tatizo mbali. Katika mialo ya Igombe na Kayenze, Wilaya ya Ilemela, dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na kunapokucha huanikwa, wengine juu ya mchanga na wengine juu ya chanja. Mvua za masika zinapoingia, kati ya Machi na Mei, dagaa huweza kuoza kabla hawajakauka, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu ukauzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Hasara hiyo huwaangukia zaidi akina mama, kwa kuwa wao ndio wengi katika kazi ya kuanika.

Kikundi kinachotaka kutengeneza kikaushio cha jua kinapaswa kuanza kwa kumsikiliza mama anayeanika, na hatua hii, kwa bahati mbaya, ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu ya hamu ya kushika msumeno na nyundo. Anaanika kilo ngapi kwa siku? Nani atakihamisha kifaa upepo ukivuma? Anaweza kutumia fedha kiasi gani? Majibu yake huzaa vigezo, yaani mambo ambayo kifaa lazima kiyatimize, na mipaka, yaani mambo ambayo hakiruhusiwi kuyavuka, kama vile gharama, uzito na nafasi.

Kigezo kizuri hupimika. Kusema kwamba dagaa wakauke vizuri hakutoshi, kwa sababu kila mtu ana “vizuri” yake. Tuseme kikundi kimekadiria kwamba robo tatu ya uzito wa dagaa wabichi ni maji. Kilo 10 zitakuwa na kilo 2.5 tu zisizo maji, na ikiwa lengo ni kubakiza unyevu wa asilimia 15, mzigo huo unapaswa kushuka hadi takriban kilo 3. Sasa kinachohitajika ni mizani na saa, na hesabu ya asilimia aliyojifunza mwanafunzi darasani imepata kazi.

Kikaushio chenyewe si kigumu kukielewa. Hewa huingia kupitia tundu la chini, hupita juu ya bati lililopakwa rangi nyeusi na kupata joto, hupanda kupitia wavu uliobeba dagaa ikichukua unyevu wao, kisha hutoka juu. Nailoni angavu hufunika fremu ya mbao ili jua liingie na mvua isiingie. Wanafunzi wengi hufanya tundu la kutolea hewa kuwa dogo, wakidhani wanahifadhi joto. Matokeo yake ni kwamba mvuke hukosa njia, matone hujikusanya upande wa ndani wa nailoni na kuwadondokea dagaa walewale waliokuwa wakikaushwa. Hapo ndipo somo lilipo. Joto peke yake halikaushi ikiwa hewa yenye unyevu haiondoki.

Marekebisho nayo yana utaratibu. Kikundi hubadilisha jambo moja tu kwa wakati, kwa mfano ukubwa wa tundu la juu, kisha hurudia kipimo. Siku hiyohiyo kiasi kilekile cha dagaa huanikwa kwenye chanja ya kawaida, kwa kuwa bila ulinganisho huo haiwezekani kujua kama dagaa wamekaushwa na kifaa au na jua kali la siku ile. Kila kipimo huingia katika daftari la mradi pamoja na tarehe, hali ya hewa, mchoro na sababu ya kila uamuzi.

Gharama isiwe kisingizio. Mabaki ya mbao kwa seremala, kipande cha bati chakavu na nailoni ya dukani vinatosha kwa kifaa cha kwanza, ambacho hutengenezwa kidogo makusudi ili kikishindwa kisipoteze vitu vingi. Ikiwa fundi wa mtaani atakata mbao, wanafunzi wampe mchoro wenye vipimo na wabaki na maamuzi yote ya usanifu.

Katika kusahihisha, mwalimu alipitie daftari kabla ya kukitazama kifaa. Kikundi ambacho dagaa wake waliishia kilo 4, lakini kinaonyesha kwa vipimo mahali unyevu ulipokwama na kimechora tundu jipya, kimefanya usanifu. Kilicholeta kikaushio cha kupendeza kisichowahi kuwekwa hata dagaa mmoja bado hakijaufanya.