Je, wajua kwa nini kijiji cha Rolandseck kina stesheni kubwa kama kasri?

Ukipanda treni ya abiria kutoka Köln, Ujerumani, kwenda kusini, ukiuandama mto Rhine, muda mfupi baada ya kuipita Bonn treni itasimama mahali paitwapo Rolandseck. Ni kijiji hasa: nyumba chache zilizobanwa kati ya mlima na maji, barabara kuu inayopita ukingoni, na kivuko cha kwenda Bad Honnef ng'ambo ya pili. Kiutawala ni sehemu ya mji wa Remagen. Lakini tazama stesheni yake. Ina baraza pana zenye nguzo za chuma zinazotazama mto, na ndani mna ukumbi ambao watu walikuwa wakicheza dansi na kusikiliza muziki. Abiria gani wa kijiji aliyehitaji ukumbi wa dansi?

Hakuwa wa kijiji. Stesheni ile ilijengwa kwa ajili ya wageni, na ilijengwa pale kwa sababu reli ilikuwa inaishia pale.

Njia ya kwanza, kati ya Köln na Bonn, ilifunguliwa mwaka 1844. Ilikuwa fupi, kama kilomita 30 hivi. Kampuni iliyoimiliki ikairefusha polepole kufuata ukingo wa kushoto wa mto, na mwaka 1856 treni za abiria zilikuwa zimefika Rolandseck. Mbele ya hapo hapakuwa na reli. Aliyekuwa na safari ya Koblenz au Mainz alishuka, akachukua mizigo yake, akateremka hadi gatini kungoja meli ya mvuke. Meli hizo hazikuwa jambo geni, kwani safari za Köln na Mainz zilikuwa zimeanza tangu 1827. Kwa hiyo msafiri aliunganisha vyombo viwili, na katikati yake palikuwa na saa za kungoja. Mtu anayengoja hula, hunywa, na akipata kiti kizuri hukaa. Kampuni ililielewa hilo vizuri sana.

Na hakuna mahali pazuri pa kumngojesha mtu kuliko pale. Ukisimama barazani, mbele yako kuna kisiwa cha Nonnenwerth chenye nyumba ya watawa, na nyuma yake vilima vya Siebengebirge pamoja na kilele cha Drachenfels chenye magofu ya ngome. Nyuma ya stesheni, juu mlimani, limebaki tao moja tu la ngome nyingine ya kale, ambalo masimulizi yanalihusisha na shujaa Roland. Husimuliwa kwamba mchumba wake alipata habari za uongo kuwa amekufa vitani, akaingia utawani kisiwani. Roland aliporudi akajenga ngome juu ili awe anakitazama kisiwa maisha yake yote. Ni hadithi tu, lakini katika karne ya 19 hadithi za namna hiyo ziliwatoa watu Uingereza na kwingineko kuja kuuona Rhine. Tao lenyewe liliangushwa na dhoruba mwishoni mwa 1839, na mshairi Ferdinand Freiligrath akatoa wito gazetini watu wachange. Walichanga, na mwaka 1840 likasimamishwa tena. Kijiji ambacho watu wanachangia gofu lake, hata kampuni ya reli ingethubutu kukijengea baraza la kifahari.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1858, jengo likiwa bado jipya, reli ilisonga mbele hadi Remagen na kisha Koblenz. Mwaka uliofuata ikafika Bingerbrück. Sababu ya kushuka Rolandseck ikawa imetoweka: abiria wa Mainz sasa aliweza kupita bila hata kufungua dirisha. Kwa hesabu ya reli peke yake, lile jengo lilikuwa kubwa kupita kiasi karibu tangu siku lilipomalizika.

Lakini watu waliendelea kushuka, kwa sababu ya mandhari na muziki. Johannes Brahms, Clara Schumann na Franz Liszt ni miongoni mwa wanamuziki waliofika pale. Mshairi Guillaume Apollinaire, aliyekuwa mwalimu wa nyumbani kwa familia moja ng'ambo ya mto mnamo 1901 na 1902, naye alikuwa mgeni wa stesheni hiyo.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yakaharibika. Jengo lilichakaa, likafungwa, na shirika la reli la Ujerumani Magharibi likataka kulibomoa. Sioni sababu ya kuwashangaa: kwao ilikuwa ni paa linalovuja juu ya vyumba visivyo na kazi. Aliyewazuia ni Johannes Wasmuth, mfanyabiashara wa sanaa kutoka Bonn. Mwaka 1964 aliingia mle ndani na kuanza kuita wasanii. Bonn ilikuwa makao makuu ya serikali wakati huo, na ipo karibu tu, kwa hiyo wanasiasa na mabalozi hawakukosa kuja. Wapiga piano Stefan Askenase na Martha Argerich walipiga pale, naye bingwa wa maigizo ya kimya, Marcel Marceau, akaonyesha sanaa yake. Yote hayo yalifanyika hatua chache kutoka njia kuu ya treni, ambayo haikusimama kwa heshima ya piano. Baadaye jimbo la Rheinland-Pfalz likalinunua jengo.

Rafiki mmoja wa Wasmuth alikuwa mchongaji Hans Arp, mzaliwa wa Strasbourg, aliyefariki 1966. Kutokana na urafiki huo likazaliwa wazo la jumba la makumbusho. Halikuzaliwa bila ugomvi. Palizuka ubishi mkali kuhusu sanamu zilizomiminwa kwa kalibu zake baada ya yeye kufa, kama ni halali kuziita kazi zake. Hata hivyo mwaka 2007 Kansela Angela Merkel alifungua jengo jipya jeupe, kazi ya msanifu majengo Mmarekani Richard Meier, juu ya mlima.

Namna ya kulifikia ndiyo inayonivutia zaidi. Mgeni anaanzia stesheni, ambako anakata tiketi ya makumbusho badala ya ya treni. Kisha anaingia kwenye handaki linalopita chini ya reli, anatokea kwenye lifti iliyochimbiwa mlimani, na lifti inampandisha hadi kwenye sanamu za Arp.

Stesheni nyingi za vijijini Ujerumani hazikuwa na bahati hiyo. Mashine za tiketi na ishara zinazoongozwa kutoka mbali zimemwondoa mkuu wa stesheni, na majengo mengi yameuzwa yakawa nyumba za watu au mikahawa, au yamepigwa mbao madirishani huku treni zikiendelea kusimama nje yake. Rolandseck nako treni bado zinasimama. Ukienda kutokea Köln, kaa upande wa kushoto. Mto uko huko.