Hapana, si ngonjera yenye biti

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu mzima anayelipwa kushauri vikundi vya sanaa: "Kwa hiyo kijana wangu, hii tamthilia ya hip-hop si ngonjera tu mnayoitia biti?" Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana.

Tunayoifanyia mazoezi hapa Bagamoyo ni The Comedy of Errors, kichekesho cha Shakespeare. Pacha wawili, wote Antipholus. Watumwa wao, pacha pia, wote Dromio. Mji wa bandari, Efeso, siku moja, kila mtu anamdhania siye. Shakespeare mwenyewe aliikwapua kwa Plautus, mtunzi wa vichekesho wa Roma ya kale, aliyekuwa na jozi moja tu ya pacha, akaongeza ya watumwa, kwa hiyo asinijie mtu na habari za kuharibu kazi asilia. Wala hatukuanza sisi: New York, mwaka 1999, waigizaji wanne na DJ waliigeuza yote kuwa rap. Yatosha.

Ngonjera naiheshimu, nilizikariri shuleni kama wewe. Lakini kwenye ngonjera kila mmoja anangoja zamu yake, anamaliza ubeti, mwenzake anajibu, na mwisho mbishi anakubali yaishe. Kichekesho hakina adabu hiyo. Tazama tendo la tatu, onyesho la kwanza. Antipholus wa Efeso anarudi kwake kula cha mchana, anakuta mlango umefungwa. Ndani mkewe anakula na pacha wa mumewe akidhani ndiye. Dromio wa nje anagonga, Dromio wa ndani anatukana. Hawaonani, ila wanaibiana vina: huyu anatupa mstari, yule anaufunga. Hiyo ni vita ya michano, na London waliicheza tangu 1594.

Sasa linalonikera hasa. Mstari wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Baa moja ya muziki, si ya pombe, yaani kipande kimoja cha biti, ina mapigo manne, na kila pigo ukiligawa mara nne unapata 16. Kila mwanafunzi anayegundua hilo hulala akiota tuzo. Mwamshe. Ukijaza silabi nafasi zote 16, mwigizaji hana pa kuvuta pumzi na hadhira haina pa kuchekea. Baa nne za namna hiyo na watu wanaanza kuangalia simu.

Halafu kuna mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wakati kina tulichofundishwa kinakaa kwenye ya mwisho. Kwa hiyo "mlangoni" na "mezani" kwenye daftari ni vina safi. Kwenye biti sikio linashika "ngo" na "za". Ile "ni" inapita bila kusalimia. Tena ni ya bure, kila mahali pana "ni", sawa na "a" za vitenzi, na kina cha bure hakimchekeshi mtu kwa sababu hakuna aliyekingojea. Linganisha:

Nje: "Bwana amerudi kwake, haya fungua mlango!"
Ndani: "Bwana yupo ndani anakula, nyie wezi mna mpango!"

"La" ya mlango ikae juu ya pigo la nne, "ngo" idondoke baada yake. "Pa" ya mpango vivyo hivyo. Hapo hadhira imeshaahidiwa sauti mbili, siyo moja, na yule wa ndani akizilipa zote kwa tusi, watu wanaanguka. Na papo hapo DJ akate biti, asisubiri kicheko kianze. Biti ikiendelea, kicheko kinameza mstari unaofuata, na kwenye kichekesho cha pacha mstari uliomezwa ni mtu aliyepotea njia hadi mwisho. Ndiyo maana biti iliyorekodiwa siitaki. Nataka DJ au mpiga ngoma anayewatazama watu usoni, na Bagamoyo ukikosa mpiga ngoma umejitakia.

Wagosi wa Kaya wa Tanga walishatuonyesha kwamba watu wawili wanaweza kuchana huku wanapiga soga kwa lafudhi ya kwao, ukacheka kabla hujakumbuka kuwa ni wimbo. Tuanzie hapo.

Kuna jambo sijalipatia jibu. Dromio, wote wawili, wanapigwa karibu kila wanapoingia, ndivyo ilivyoandikwa. Efeso ya jukwaani ni sawa. Hapa ni mji ambao watu walipandishwa majahazi kama mzigo, na misheni ya Wakatoliki iliyofunguliwa 1868 ikawapokea waliokombolewa. Mazoezini kofi ndilo lililochekwa kuliko mstari wowote niliousugua wiki nzima, na mimi nilicheka. Wapo wanaosema mfanye awe kijana wa kazi za ndani. Sawa, ila kumpiga kijana wa kazi kumekuwa kichekesho tangu lini?

Binti mmoja kwenye kikundi anapendekeza maiki washike Dromio peke yao. Mabwana waseme kavu, bila biti. Wazo nalipenda mno, kwa sababu anayepigwa ndiye anayebaki na mapigo. Lakini tendo la tano Antipholus wa Efeso ana shitaka refu mbele ya Mtawala, na jukwaa la wazi jioni, na upepo huu wa baharini, bila maiki nani atamsikia?